Kufungia kwa Amana

Je, kumfungia kiumbe ni dhuluma? Kotile, kusini mwa Garissa, wafugaji wa Kisomali walilijibu swali hili kwa vitendo mwaka 2012: katika hifadhi yao ya Ishaqbini, swala 48 aina ya hirola waliwekwa ndani ya uzio, mbali na simba na fisi. Swali hilohilo limo ndani ya tangi la kioo lenye mwani wa baharini. Mwani hula nitrati itokanayo na kinyesi cha samaki na, ukipata mwanga, huwapa oksijeni; taa ikizimwa, nao huivuta oksijeni hiyohiyo. Kaulerpa, mmoja wa mwani hao, huweza kumwaga chembe zake za uzazi kwa ghafla, maji yakawa kama maziwa mepesi, yenyewe ikapauka na kufa.

Atasema mtu: mwani hauna hisia, na tangi haliokoi bahari kama uzio unavyolinda hirola. Kweli kabisa. Lakini hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyemfungia paka inalaumu kufungia pasipo kulisha wala kuachia. Anayefungia amejitwika riziki ya aliyefungiwa, awe na hisia au asiwe nazo. Ndiyo maana namwona mkosaji yule anayeng'oa kaulerpa miambani ilhali hana taa ya kuiwashia.