Je, Kungoja Ukingoni ni Woga?

Watu wawili wanachimba mfereji wa mabomba ya maji. Ukuta wa udongo unabomoka, mmoja anafunikwa. Mwenzake afanye nini? Moyo mwema hujibu mara moja: aruke ndani, amwokoe.

Lakini huko Marekani, wazima-moto wanaojifunza kuokoa watu waliofunikwa hivi, huambiwa kwanza: usiruke. Je, hayo ni mapendo?

Tuutazame udongo wenyewe. Fungu la udongo lenye meta moja kila upande lina uzito wa kilo 1,500 au zaidi. Mtu aliyefunikwa mpaka kifuani aweza kufa kwa kukosa pumzi ingawa kichwa chake ki nje, maana kila akitoa pumzi udongo humbana zaidi. Tena ukuta uliobomoka mara moja ni tayari kubomoka tena. Anayeruka huutikisa, wengi wamekufa hivyo, na udongo walioangusha ukamzidishia taabu yule waliyemfuata.

Kwa hiyo wazima-moto husimamisha kwanza motokari na mashine zote za karibu. Hulaza mbao ukingoni, uzito wa miguu yao usikae mahali pamoja. Hutelemsha mbao pana kandokando ya kuta na kuzikaza kwa mihimili katikati. Ndipo mtu anashuka, achimbe kwa mikono na sepetu fupi, ndoo kwa ndoo. Hawamvuti kwa kamba, wasije wakamvunja. Kazi hiyo yaweza kushika saa nyingi, na jamaa za mtu wanalia juu. Mimi naona kuruka ni rahisi kuliko hivyo.

Mtu wa kwetu atajibu: mbona Machi 2023, katika mgodi wa dhahabu wa Luhihi, Kivu ya Kusini, watu walichimbua udongo kwa sepetu na mikono mitupu, na wachimbaji tisa wakatoka wazima? Ni kweli, na asiwepo wa kuwalaumu. Mbao zilikuwa wapi? Wangengoja nani?

Hapo ndipo penye neno. Kungoja kwa wazima-moto wale ni haki kwa sababu walijitayarisha mbele: walikata mbao, wakachimba mifereji ya kujizoeza, wakafukia sanamu ya mtu na kuifukua. Asiyejifunza lolote, akasimama ukingoni na kusema "tungoje", huyo hangoji kitu.

Na deni halianzi kwao. Sheria ya Marekani yataka mfereji wenye kimo cha meta moja na nusu ukingwe kuta zake, isipokuwa katika mwamba mgumu, na udongo uliotolewa ukae sentimeta 60 mbali na ukingo. Mbao zile zile za kuokolea zingetiwa asubuhi, kabla ya mtu kushuka. Msimamizi aliyeona bei yake ni kubwa, mara nyingi hayuko shimoni saa ile. Walio karibu ni wazima-moto, na mama wa kijana anayewauliza kwa nini hawashuki.