Mkono Nao Hushuhudia

Amri ya nane nilifundishwa parokiani nikiwa mtoto, na kwa miaka mingi niliiona kuwa amri ya kinywa. Asiyetamka uongo yu salama. Kazi yangu ndiyo iliyonifanya niifikirie upya. Hapa Kahama nabandua na kupaka rangi mitungi: ya oksijeni ya wachomelea vyuma wanaohudumia makalasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na mara mojamoja ya hewa, inayoletwa na wazamiaji wa Ziwa Victoria. Je, mkono ambao haukusema neno lolote unaweza kumshuhudia jirani uongo?

Nasema unaweza. Tazama bega la mtungi. Hapo ndipo zilipogongwa namba yake, shinikizo lake na tarehe ya kupimwa kwa maji, kipimo ambacho nchi nyingi hukidai kila baada ya miaka 5. Mtungi wa kuzamia hujazwa hadi bar 200 hivi, wakati tairi la gari dogo halifiki bar 3. Nikijaza rangi nene kwenye yale maandishi, mjazaji hataiona tarehe. Ataona chombo kinachong'aa, atakiamini, atafungulia kompresa.

Wako wahubiri wanaosema pambo lenyewe ni unafiki. Siwaungi mkono. Rangi inazuia kutu, na rangi ya mtungi inamwambia mtu kuna gesi gani ndani. Ndiyo maana sikubali kubadilisha rangi ya oksijeni kwa ajili ya urembo tu. Tena kitabu cha Kutoka kinasimulia habari za Bezaleli, fundi aliyejazwa roho ya Mungu ili achonge, afue na kupamba. Hakujazwa roho ili ahubiri. Basi, kama mkono unaweza kubeba roho ya Mungu, hauwezi kujitetea kwamba haujui kusema.

Dhambi yenyewe huanzia kwenye kubandua, kwa sababu huko ndiko kwenye njia za mkato. Kwetu kostiki si adimu, mitambo ya kuchenjulia dhahabu, elusheni, inaitumia, na rangi inatoka upesi kweli. Lakini kostiki inakula alumini. Moto wa gesi nao ni hivyo hivyo: watengenezaji wa mitungi ya alumini wanaelekeza kwamba mtungi uliopata joto la kuzidi nyuzi 177 za Selsiasi usijazwe tena, na hilo linahusu hata tanuri la kuokea rangi ya unga. Ubaya wake ni kwamba jicho halioni kitu. Mtungi haukubonyea wala haukupasuka, ila nguvu yake imeondoka. Grainda inapunguza unene wa ukuta, na mwenye kuitumia anasifiwa kwa kasi.

Mimi naanza kwa kuhakikisha mtungi ni mtupu kabisa. Napaka jeli ya kubandulia isiyodhuru alumini, nakwangua kwa plastiki, nje penye upepo, nikiwa na glavu na barakoa, maana rangi za zamani huweza kuwa na risasi. Vali haiguswi na rangi, wala haipakwi mafuta: grisi ikikutana na oksijeni yenye shinikizo inawaka. Kisha navua kile kiatu cha mpira kitakoni na kutazama. Maji hukaa hapo. Kwenye mtungi wa chuma nikikuta mashimo ya kutu, sipaki hata koti la kwanza. Unakwenda kwa mkaguzi.

Nafikiria kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Siku mbili baadaye wazamiaji walimkuta fundi wa kivuko akiwa hai, mahali palipobaki hewa. Mzamiaji anayeingia chini ya chuma kama kile hana nafasi ya kuuliza nani aliubandua mtungi wake na kwa kitu gani. Ndivyo ilivyo pia kwa mwokoaji anayeshuka na mtungi mgongoni katika migodi ya chini ya ardhi kama Bulyanhulu. Amekwisha kuniamini kabla hajanijua, na hiyo kwangu ndiyo maana nzito ya jirani.

Mteja mwenye mtungi wenye kasoro huniambia, "Fundi, we ng'arisha tu, mengine niachie mimi." Najua hali yake, mtungi mwingine ni fedha nyingi. Nikiukataa, ataupeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, na jioni utakuwa umeshapakwa. Wenzangu wa jumuiya wanasema hapo mikono yangu ni safi. Sioni hivyo, kwa kuwa shahidi aliyeona akanyamaza hajamsaidia jirani yake kitu. Kwa hiyo naandika namba ya ule mtungi, namwambia mwenyewe waziwazi kwamba nitaipeleka, kisha naipeleka kwa wanaojaza hewa. Nimepoteza wateja kwa ajili hiyo, na wengine hawanisalimii sokoni.