Vita vya Nyumbani: Adui si Mwenzako



Sisi makatekista tukimaliza mafundisho ya jioni, mara nyingi hubaki mtu mmoja kwenye benchi la nyuma. Hungoja wengine watoke, kisha husema, "Mwalimu, nyumba yetu inapigwa vita." Ukimwuliza ni nani anayewapiga, jina analo tayari. Ni mama mkwe. Ni jirani aliyenyimwa njia ya kupitia shambani. Au, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, ni yule wa ndani: "Mume wangu ana pepo." "Mke wangu aliletwa kunimaliza."

Wapendwa, vita vipo. Kanisa halifundishi kwamba Shetani ni hadithi ya kutishia watoto. Siku ya ubatizo tuliulizwa kama tunamkataa, nasi tukajibu, au wazazi na wasimamizi wakajibu kwa niaba yetu. Na kila Mkesha wa Pasaka tunalirudia jibu hilo mishumaa ikiwa mikononi. Lakini fungueni Waraka kwa Waefeso mwone mahali Mtakatifu Paulo alipoyaweka mafundisho ya vita. Katika sura ya 5 anazungumza na wake na waume. Sura ya 6 anaianza na watoto na wazazi, kisha watumwa na mabwana zao. Ndipo anapofika kwenye silaha za Mungu. Hajatoka nyumbani bado! Na katika aya ya 12 anatuonya wazi kwamba tunayeshindana naye si mtu wa nyama na damu. Mama mkwe ana nyama na damu. Jirani anayo. Bwana anayelala upande wa ukutani anayo pia. Basi hao wote watoeni kwenye orodha yenu ya maadui.

Adui hupenda kazi nyepesi. Ana haja gani ya kuleta majoka ndani, ikiwa watu wawili wamelala wamepeana migongo, kila mmoja akihesabu makosa ya mwenzake gizani? Paulo aliyajua hayo. Katika sura ya 4 ya waraka huohuo, aya ya 26 na 27, anaiunganisha hasira iliyolazwa mpaka kesho na nafasi anayopewa Ibilisi. Anapewa, jamani. Mlango anafunguliwa na wenye nyumba.

Silaha ya kwanza anayoitaja ni ukweli, uliofungwa kiunoni kama mshipi. Ndoa nyingi huanguka hapo, kabla hata ya kuifikia ngao na chapeo. Bwana amekopa kwa simu mara tatu, akacheza kamari kwa simu hiyohiyo, karo ya muhula imekwisha, na nyumbani anasema mshahara umechelewa. Mama naye ana deni la chama ambalo mumewe halijui. Siku mambo yanapofichuka, wote wawili wanasema ni Shetani. Ndiyo, yumo, maana ndiye baba wa uongo. Lakini kidole kilichobonyeza simu ni chako.

Kisha inakuja njia ya mkato. Mtoto anaanguka kifafa, au duka linafungwa, na mmoja wenu anatoroka usiku kwenda kwa mganga, au kwa yule mhubiri anayetaja wachawi kwa majina na kuuza mafuta. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2116 na 2117, inakataza ramli na uchawi, hata kwa nia ya kutafuta afya, na hirizi pia inazikemea. Tazameni pia linalotokea ndoani. Anayetoka huko hurudi na siri, na jina la mtu wa kumchukia, mara nyingi ndugu wa mwenzake. Mbuzi ameuzwa, na mtoto bado anaanguka. Kifafa ni ugonjwa. Kina dawa za kumeza kila siku bila kuruka, na hospitali ndiyo kwanza. Kama baada ya madaktari bado kuna jambo lisiloeleweka, mwoneni Paroko. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inamtaka hata padri apate ruhusa ya pekee na ya wazi ya askofu kabla ya kumpunga pepo mtu aliyepagawa. Kanisa linakwenda polepole hapo, nanyi msikimbie.

Someni pamoja Kitabu cha Tobiti, sura ya 3, kisha ya 6 hadi ya 8. (Mkiazima Biblia ya jirani Mprotestanti msishangae mkikikosa.) Sara alikuwa ameolewa mara saba, na waume wote saba waliuawa na pepo Asmodeo kabla ya kuishi naye. Kijakazi wa nyumbani hakumtaja pepo. Alimsingizia Sara mwenyewe kuwa ndiye muuaji. Yaleyale ya kwetu! Tobia akamwoa, akafuata maagizo ya malaika Rafaeli, pepo akakimbia. Wengi huishia hapo, wakaanza kuniuliza habari za ini la samaki. Lakini Rafaeli alikuwa ameagiza pia kwamba wote wawili wasimame kwanza waombe. Basi mlango umefungwa, Tobia anatoka kitandani, anamwita mkewe, wanasimama pamoja. Anamshukuru Mungu aliyemwumba Adamu na kumpa Eva awe msaidizi wake, na wote wawili wanaitikia Amina. Huko nje baba mkwe, Ragueli, alikuwa ameamuru kaburi lichimbwe usiku uleule, amzike mkwewe kabla majirani hawajajua. Kijakazi akatumwa na taa kuchungulia, akawakuta wamelala usingizi. Ragueli akaamuru kaburi lifukiwe kabla ya kupambazuka.

Mtauliza, je, mwenzangu akikataa kuomba? Mwenye heri Elisabetta Canori Mora wa Roma aliolewa mwaka 1796 na mwanasheria aliyemwacha akafuata mwanamke mwingine na kufuja mali. Yeye alilea binti zao kwa kazi ya mikono yake, akamwombea mumewe mpaka alipofariki mwaka 1825. Baada ya hapo mume huyo alitubu, akaingia utawa wa Wafransisko, akawa padri. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Elisabetta mwenye heri mwaka 1994.

Lakini mtu asilitumie jina lake kumfunga mama anayepigwa. Kusimama imara katika imani si kusimama mbele ya panga. Kanuni ya 1153 inamruhusu aliye katika hatari kubwa ya mwili au roho, yeye au watoto, kuondoka kwa idhini ya askofu, na kama kuchelewa kuna hatari, aondoke mwenyewe mara moja. Kifungo cha ndoa kinabaki. Wao wanakuwa salama.

Ninyi wengine, mnaonuniana tu, ombeni leo usiku. Aanze yule ambaye hasira yake ni ndogo. Baba Yetu moja yatosha kwa mwanzo. Mkifika pale pa kusameheana, semeni polepole, na mwenzako akinyamaza hapo, mngoje.