Mpigie Wewe Uliyebaki Kazini

Jumanne niliwaona watu wawili wakikwepana katikati ya mji wa Mbarara, na tangu siku hiyo jambo hilo halijanitoka. Mmoja ni mama wa Kikongo ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkalimani katika zahanati moja ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda. Alikuwa ameleta gunia la maharagwe kutoka Juru, amekaa nalo kando ya njia ya kuingilia sokoni, akisubiri mnunuzi mwenye bei ya maana. Wa pili ni muuguzi tunayemwita Musawo, mzaliwa wa Ankole, aliyefanya kazi na mama huyo zamu kwa zamu. Nawafahamu wote wawili. Nimewahi kuwaona wakitoka wodi ya wazazi saa nane za usiku, mkalimani akimmulikia muuguzi kwa tochi ya simu, wote hoi kwa uchovu na bado wanacheka.

Mama ndiye aliyemwona mwenzake kwanza. Akavuta kitenge kichwani, akageukia ukutani, akaanza kufungua na kufunga tena mdomo wa gunia ambalo lilikuwa limefungwa vizuri tangu asubuhi. Nilidhani muuguzi hakumwona. Alimwona. Alipokaribia alitoa simu mkobani, akainamisha kichwa, akapita huku akisoma kioo ambacho, kutoka pale niliposimama, hakikuwa na mwanga wowote.

Nilimwendea mama. Kule kambini tumezoea kumwita Mwalimu, kwa kuwa kabla ya vita alifundisha shule ya msingi upande wa Masisi, mashariki mwa Kongo. Nikamuuliza, Mwalimu, yule si Musawo wako? Akanijibu bila kuniangalia: “Batafikiri niko naomba.” Jioni nikampigia muuguzi. Naye hakukana. Alisema, “Ningemwambia nini? Mimi bado niko kazini.” Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama watoto wa Mwalimu bado wanasoma.

Ningejua la kufanya kama mmoja wao angekuwa na roho mbaya. Hakuna mwenye roho mbaya hapo. Kuna aibu mbili zilizokutana njiani, ya aliyeangushwa na ya aliyeachwa amesimama, na kila moja ikaogopa kuangaliwa usoni.

Wasomaji wa Nakivale na Mbarara hawahitaji kusimuliwa mwaka 2025 ulivyokuwa, lakini nitautaja kwa sababu tunaanza kuuzungumzia kana kwamba kila mtu alifukuzwa kwa kosa lake. Tarehe 20 Januari rais mpya wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Siku nne baadaye zikatoka barua za kusimamisha kazi. Mipango ya kuwapokea wakimbizi nchini Marekani nayo ikasimamishwa kabla ya mwezi kwisha, na watu waliokwisha kuuza vitanda na mbuzi wao wakabaki na mabegi yaliyofungwa. Mwezi Mei Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likasitisha msaada kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Mwezi Juni UNHCR ikatangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani kote, na tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, lenyewe likafungwa rasmi. Chukua kaya moja ya Rubondo, humu kambini: ndani ya miezi mitano ingeweza kupoteza mshahara wa mama, fedha za chakula, na safari waliyoingoja miaka kumi. Wakati huohuo, waasi wa M23 walikuwa wameingia Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, kwa hiyo ndugu wengine walikuwa njiani wanakuja kuegemea kaya hiyohiyo.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililosababishwa na mkalimani kuchelewa kazini. Hata hivyo nimewasikia watu wazima pale Base Camp, kambini, wakisema fulani “alishindwa kazi”. Alishindwa kazi gani? Kazi ndiyo iliyoondolewa chini ya miguu yake.

Na kwa wengi wa wakimbizi walioachishwa, ile ilikuwa kazi ya pili kupotea. Hapa ndipo ninapoomba wenzetu wa Mbarara watuelewe. Mwalimu, muuguzi au karani wa Kivu aliyevuka mpaka alikuja na masomo ya Kifaransa katika nchi inayofundisha na kuajiri kwa Kiingereza. Cheti chake, kama hakikuungua, kinapaswa kupelekwa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kikiwa cha sekondari, au Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kikiwa cha chuo, ili kilinganishwe na vya Uganda. Na wapo ambao wameacha vyeti hivyo kwenye kabati la nyumba ambayo leo hawajui nani analala humo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, na ni sheria ya kushukuriwa, maana nchi nyingi hazinayo. Ila sheria haiwezi kumpa mtu miaka kumi na mitano ya ualimu iliyobaki Masisi. Mwalimu akaanza upya. Akachukua lugha alizonazo, Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa, akaongeza Kiingereza cha kujifunza jioni, akawa mkalimani. Kwenye makaratasi hakuitwa mfanyakazi, aliitwa mtu wa kujitolea anayelipwa posho. Kazini alikuwa ndiye anayemweleza mama mjamzito kwa nini apasuliwe usiku huu, na anayemweleza muuguzi kwa nini mama huyo anakataa.

Kazi ya namna hiyo haiachi alama. Fundi atakuonyesha nyumba aliyoijenga. Mkalimani akiondoka, maneno yake yameondoka na wagonjwa. Anayejua jinsi alivyokuwa hodari ni aliyekuwa amesimama naye upande wa pili wa kitanda.

Sasa tazama mtu huyu anapoomba kazi nyingine. Fomu inamtaka aandike wadhamini watatu, majina, vyeo, simu na barua pepe za ofisini. Anaandika anwani ya msimamizi wake wa zamani. Ofisi ilifungwa, barua pepe ikafa pamoja na mradi, msimamizi amerudi kwao Kabale au Kampala na kubadili namba. Mwajiri mpya anapiga, hakuna anayepokea, fomu inawekwa kando. Mwalimu hataambiwa kamwe sababu. Atahitimisha kwamba hafai. Na wakati huo, muuguzi anayeweza kusema kwa dakika mbili tu, “Huyu mama mchukueni, nimefanya naye kazi,” anapita barabara ileile ya soko akijifanya anasoma simu.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaoniambia aliyeanguka ndiye anayepaswa kusema. Mficha uchi hazai, sisi si watabiri. Methali hiyo naiheshimu, lakini wanaoitaja hapa wanasahau kwamba huyu hakuficha kitu. Ofisi nzima ilijua siku aliyokabidhi kitambulisho. Ilikuwa ni habari ya kambi nzima. Unataka aje akuambie nini ambacho hukukijua? Na yeye ana methali yake inayomkaa kooni, kwamba mkono mtupu haulambwi. Kila anaposhika simu kukupigia anaisikia. Wewe uliye na mshahara hujui uzito wa kubonyeza namba ya mtu ambaye zamani mlikula meza moja.

Mwingine, na huyu ni mkweli zaidi, atasema: nikimpigia ataniomba fedha, na mimi nina karo ya watoto, nina mkopo, na mkataba wangu wenyewe unaisha Desemba. Sawa. Huenda ataomba. Njaa ipo, na mtu aliyekatiwa msaada wa chakula hana haja ya kujieleza. Mwambie huna. Kama unacho kidogo, mpe hicho kidogo. Kumwambia mtu huna fedha hakujawahi kuvunja urafiki uliojengwa zamu za usiku. Kinachouvunja ni kumkimbia kabla hajafungua mdomo, ukimhukumu kwa ombi ambalo hajalitoa. Zaidi ya hayo, wengi niliozungumza nao hawakutaja fedha. Walitaka kujua kama daftari la mkalimani bado linatumika, kama yule mtoto mwenye kifafa wa Kashojwa anapata dawa, nani siku hizi anazungumza na Wasomali wazee wanapokuja kliniki. Bado wanaifanya kazi ile kichwani.

Yuko na wa tatu ambaye hoja yake ni ya upole: mwache apumzike, heshimu ukimya wake, atakapokuwa tayari atajitokeza. Huyu ndiye ninayebishana naye zaidi moyoni, kwa sababu anafanana na mtu mwema. Lakini tukisikia msiba, ni nani kati yetu husubiri mfiwa ajitokeze? Tunakwenda hata kama hatukualikwa, tunakaa kwenye mkeka, wengine hatusemi neno hadi chai inakuja. Hakuna mfiwa aliyewahi kulaumiwa kwa kutotupigia. Mtu akipoteza kazi iliyomlisha na kumpa jina tunambadilishia utaratibu wote, tunamwambia ajiinue mwenyewe kwanza halafu ndipo aje atusalimie.

Na si kwamba Nakivale hatujui kuagana. Kambi hii ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipofunguliwa kwa ajili ya Wanyarwanda, na baada ya 1994 wengi wao walirudi kwao, wakaacha mashamba na majirani ndani ya muda mfupi sana. Tangu hapo tumewasindikiza watu kwenda Marekani, Kanada, Australia. Anayepanda ndege tunamfanyia maombi, tunampigia picha na kwaya, tunamfungia unga wa muhogo kwenye begi, na akina mama wanalia hadi basi linapopotea kwenye vumbi. Anayeondolewa kazini hana hata anayemshika mkono. Wenzake wanatazama chini, na ifikapo jioni msimamizi wa kundi la WhatsApp anamtoa, kwa sababu kundi ni la “wafanyakazi tu”. Maandishi yale madogo ya kijivu yanayotangaza kwamba fulani ameondolewa, ndiyo hotuba pekee ya kuagwa aliyopata mtu aliyetumika miaka minane.

Nimechunguza ni akina nani bado wanatafutana baada ya mwaka huo mbaya, na jibu limenifundisha kitu. Waliokuwa na likelemba, upatu wao mdogo wa kila mwisho wa mwezi, bado wanaonana. Kiasi kimepungua mno, wengine sasa wanaleta shilingi elfu tano badala ya hamsini, lakini zamu ya kupokea haiwezi kurukwa, na kwa hiyo mtu anakuja hata akiwa na viatu vilivyochoka. Anakuja kwa sababu anadaiwa na anadai. Katika kikundi kimoja ninachokifahamu, waliobaki na kazi ni wawili tu kati ya kumi na kitu, na mikutano inafanyika nyumbani kwa mmoja wa waliopoteza, yeye ndiye anayechemsha chai. Hakuna aliyeamua iwe hivyo kwa hotuba. Lakini ninapowaona pale wanapanga mambo yao, aliye na kazi hampandishii mwenzake sauti, na asiye na kazi hajikunyati. Vikundi vilivyofungwa kwa kamba ya mradi peke yake vimekufa vyote siku mradi ulipokufa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nasema nikiwa na hakika: mzigo wa kuanza ni wa aliyebaki kazini. Ana simu yenye salio. Ana nauli ya kutoka Mbarara hadi Base Camp. Ana sahani ya kumkaribishia mwenzake, ambayo haitaeleweka kama ombi. Na ana neno ambalo likitoka kinywani mwake lina nguvu kwa mwajiri, wakati lilelile likitoka kwa Mwalimu linaitwa kujisifu. Akipiga, asianze na “siku hizi unafanya nini”. Swali hilo kwa mtu anayeuza maharagwe kando ya njia ni hukumu, hata likisemwa kwa tabasamu. Amuulize jambo la kazi ambalo mwenzake analijua kuliko yeye. Musawo angeweza kumuuliza Mwalimu jinsi alivyokuwa akiwatuliza wanawake wa Kirundi waliokataa kulazwa. Mpaka leo hakuna aliyeweza kufanya vile.

Mnaosimamia makundi ya simu, warudisheni wale mliowatoa, au fungueni kundi jingine lisilo na masharti ya kitambulisho. Wakuu wa miradi inayoelekea kufungwa, kila mtu aliyetumika chini yenu apate barua yenye jina lake kamili, kazi aliyoifanya hasa, lugha alizotafsiri, miaka, na namba ya simu ya kwenu binafsi itakayopokelewa. Wa posho nao wapate, wao hasa, kwa maana wa ajira kamili wana mikataba ya kuonyesha. Msiwaambie waje kuzifuata baadaye. Na wewe ambaye mkataba wako unaisha Desemba, andika barua za wenzako mwezi huu, ukiwa bado una muhuri mezani.