Simu Haina Mlango

Ijumaa kukiadhiniwa, wauza viungo wa soko la Marikiti hufunika magunia ya iliki na bizari kwa turubai, wakaelekea msikitini. Swala ikisha, turubai hutolewa, bei zikaendelea. Ndivyo ilivyoagizwa katika Surat Al-Jumua, aya ya 9 na ya 10: wito ukija biashara iachwe, swala ikimalizika watu watawanyike kutafuta riziki. Hatukuwekewa siku nzima ya kupumzika. Tuliwekewa saa yenye mpaka.

Mimi kazi yangu ni kuyatangaza maduka haya Instagram na WhatsApp. Mzee mwenye duka yuko safu ya mbele, mimi simu iko mkononi. Mteja wa Muscat anauliza, "Pilipili manga kilo bei gani?" Kwetu ni saa saba, kwao ni saa nane, wao wameshaswali. Mtandaoni, saa ya swala ya mmoja ni saa ya soko ya mwingine.

Je, nijibu? Mimi ni mwanamke, Ijumaa hainilazimu. Lakini sisi wa madhehebu ya Shafii tunafundishwa kwamba adhana ya mbele ya hutuba ikianza, kuuziana ni haramu kwa aliyewajibikiwa, japo mauzo yenyewe yanasihi. Na Imamu Nawawi anasema asiyelazimika akiuziana na aliyelazimika, wote wawili wanapata dhambi. Tangazo nililolitega tangu asubuhi silioni kuwa na tatizo: ni kama kibao cha duka, hakuna anayekiteremsha kwa ajili ya adhana. Kutaja bei, kupatana, kupokea M-Pesa, hiyo ndiyo biashara, na pesa inaingia kwa mzee aliyeko msikitini. Basi ningoje.

Wenzangu wa kazi hii husema mapumziko ya namna hii ni nidhamu ya mtu binafsi: zima simu, jipangie. Mimi naona sivyo. Mzee huondoka na roho imetulia kwa sababu jirani yake naye kafunika magunia. Mimi nikizima simu peke yangu, mteja anajibiwa na duka la pili, na mwisho wa mwezi naulizwa mimi.

Mapumziko, kama swala ya Ijumaa, hayatimii bila jamaa. Wenye maduka wakikubaliana kwamba hakuna ukurasa unaojibu mpaka saa nane, hakuna atakayepoteza mteja kwa kumcha Mungu. Wasipokubaliana, wasinihubirie mimi habari za kujipangia muda.