Mjane Avue Nyeusi Lini?



Mwezi uliopita niliomba ruhusa kazini nikaenda kumzika mzee mmoja Mwingereza niliyemhudumia miaka mitatu katika nyumba ya wazee. Mazishi ya wenyeji wa hapa mnayajua: nusu saa, wimbo, maneno machache, kisha chai. Binti yake alisimama akasoma shairi fupi la mistari 14. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nasikiliza nusu macho nusu usingizi. Lakini baada ya mstari wa nane shairi likageuka, nami nikaamka.

Linaitwa "Remember", yaani "Kumbuka", na aliyeliandika ni Christina Rossetti. Wengi wetu tumemwimba bila kumjua, maana ule wimbo wa Krismasi "In the Bleak Midwinter" ni maneno yake. Alizaliwa London mwaka 1830, akaishi na kufa ndani ya Kanisa la Anglikana. Shairi hili aliliandika mwaka 1849 akiwa na miaka 18, mchumba wa mchoraji mmoja, James Collinson. Msichana wa miaka 18, badala ya kuandika juu ya harusi, anaandika juu ya kifo chake mwenyewe.

Sehemu ya kwanza anaomba asisahauliwe. Na humo kuna jambo dogo ambalo nimelirudia mara nyingi: mipango ya maisha yao ya mbele anaieleza kuwa mwanamume ndiye aliyeipanga. Yeye alipangiwa. Kisha anageuka. Anamwambia mpenzi wake kwamba hata akimsahau kwa muda asijihukumu, kwa kuwa yeye anajali zaidi amani ya aliyebaki kuliko kumbukumbu ya aliyekwenda.

Shairi lilitoka katika kitabu mwaka 1862. Miezi michache kabla, Desemba 1861, Prince Albert alikuwa amefariki, na mkewe Malkia Victoria akavaa nyeusi mpaka alipokufa mwaka 1901, karibu miaka 40. Wanawake wa kawaida nao walikuwa na sheria zao zisizoandikwa. Mjane alitazamiwa kuomboleza kwa mavazi miaka miwili au zaidi, lakini mwanamume aliyefiwa na mke muda wake ulikuwa mfupi sana. Hapo mtu asiniambie kwamba mambo haya ni ya kwetu tu.

Ndani ya familia yake mwenyewe Christina aliona mengine. Kaka yake, Dante Gabriel, mchoraji na mshairi, alimchora Elizabeth Siddal mara nyingi kabla na baada ya kumwoa. Mwaka 1856 Christina aliandika shairi juu ya chumba cha mchoraji kilichojaa sura ya mwanamke mmoja, iliyochorwa kama mchoraji anavyoiota na si kama mwenyewe alivyo. Hakulichapisha maisha yake yote. Elizabeth alipofariki mwaka 1862, mume aliyezidiwa na huzuni aliweka daftari la mashairi yake ndani ya jeneza. Mwaka 1869 kaburi likafunguliwa usiku, daftari likatolewa, na mwaka uliofuata mashairi yakachapishwa. Simhukumu, kwa sababu kilio cha kwanza kilikuwa cha kweli. Ila najiuliza, kati ya yote mawili, kuzika daftari na kulifukua, ni lipi lilimhusu Elizabeth?

Christina hakuolewa. Collinson aliporudi Ukatoliki, uchumba ukavunjika mwaka 1850. Baadaye, mwaka 1866, alimkataa Charles Cayley aliyempenda, na ndugu yake William alieleza kuwa sababu ilikuwa ya imani. Wakabaki marafiki mpaka Cayley alipofariki mwaka 1883. Kuanzia mwaka 1859 Christina alijitolea miaka mingi katika nyumba moja ya kanisa kule Highgate, akiwahudumia wanawake waliotoka kwenye ukahaba. Huyu hakuwa mtu mwepesi wa kusahau wala wa kupenda nusunusu.

Kwa hiyo aliwezaje kumfungulia mpenzi wake kamba namna ile? Nadhani ni kwa sababu aliamini kwamba aliyelala katika Kristo anatunzwa na Mungu. Asiyeamini hivyo ana haki ya kuogopa, kwa kuwa akisahauliwa amekwisha. Lakini anayetunzwa na Mungu hahitaji kutunzwa kwa gauni jeusi la mjane. Mtume Paulo naye, katika 1 Wakorintho 7:39, anasema mume akifa mke yu huru kuolewa na amtakaye, ila iwe katika Bwana. Tunasoma mstari huo kisha tunaupita haraka.

Sasa niseme kwa nini niliamka. Mdogo wangu alifariki Mwanza, mwaka wa tatu sasa. Wifi yangu bado anavaa nyeusi. Mwaka huu amejitokeza mtu anayetaka kumwoa, na wazee wa ukoo walisema shangazi wa watoto ndiye aamue, yule wa Uingereza. Mnajua kwa nini mimi: ada za shule natuma mimi. Wifi aliponipigia nilimjibu nitafikiri, na nikakaa na neno hilo miezi minne. Nilijiambia namtetea marehemu. Mdogo wangu hakuacha shairi wala wosia, hivyo kimya chake nikakigeuza kuwa amri.

Jumamosi baada ya mazishi yale nilimpigia. Kabla sijasema lolote akaniuliza, "Wifi, umekula? Sauti yako imechoka." Nilikuwa nimejiandaa kumwambia nampa ruhusa, lakini neno ruhusa likanikwama kooni. Ruhusa ya nani? Nikamuuliza tu huyo bwana anasali wapi.

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.