Mpigaji Gitaa na Wasikilizaji Asiowaona
Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipozinasa nyimbo za Mwenda Jean Bosco, kijana wa Katanga, nchini Kongo, aliyepiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada huku akiimba kwa Kiswahili, sauti yake iliachana na kiwiliwili chake, ikawafikia watu wasiomwona abadan. Je, alikuwapo mbele yao? Suali hilo limezidi uzito leo, ambapo msanii asiye na kampuni ya kurekodi hujifungia chumbani, akaelekeza kamera kwenye vidole vyake, na kuwatumbuiza walimwengu kwa intaneti. Wako wasemao kwamba mitambo ndiyo iondoayo roho ya muziki. Nami siwaafiki, kwani hata ukumbini, sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi za gitaa la umeme hugeuza mtetemo kuwa umeme, na tukisikiacho ni spika. Kuwapo, kwa itikadi yangu, ni kuweza kujibiwa: mama wa safu ya mbele aanzapo kupiga makofi, mpigaji hupunguza mwendo, akarudia kiitikio ambacho hakukusudia kukirudia. Mtandaoni pongezi humfikia kwa maandishi, tena zimechelewa, wimbo umekwisha kupita mahali pake. Naye huendelea kwa ikhlasi, akisadiki pasi na ushahidi kwamba yuko amsikilizaye, na usadikifu huo nauona u karibu mno na ibada.